Kadi ya Mejumaa

Siku Mutunga alipoingia Marikiti peke yake, bila askari na bila lori, wanawake waliouza nafaka upande wa nyuma wa soko walijua kuna jambo. Walizoea kumwona akija na fujo. Leo amekuja na salamu, na hilo peke yake lilitosha kuwatia wasiwasi. Mmoja alianza kuvuta turubai juu ya magunia yake. Mwenzake akamnong'oneza kwamba hakuna haja tena, serikali imeshatangaza redioni kuwa mahindi ni huru, kila mtu auze atakavyo. Yule mwanamke alimsikia, na hakuacha kuvuta turubai.

Mejumaa hakufunika kitu. Alikuwa amekaa juu ya debe lililopinduliwa, leso kajifunga kiunoni, akishona mdomo wa gunia kwa shazia, na akaendelea kushona hata kivuli cha yule bwana kilipomwangukia mikononi.

"Hujambo, mama," Mutunga akasema.

"Sijambo."

"Habari za biashara?"

"Njema. Na wewe, wako wazima nyumbani kwako?"

"Wazima kabisa."

Salamu hainyimwi hata adui, kwa hiyo alimjibu zote. Kiti hakumpa.

Kwa miaka mingi mahindi yote ya nchi yalikuwa na mwenyewe mmoja, nalo ni shirika la serikali. Shirika ndilo lililonunua, ndilo lililouza, na mtu wa kawaida aliyetaka kuvusha magunia machache kutoka wilaya moja hadi nyingine sharti awe na kibali chake. Hapa Mombasa, mkono wa Shirika ulikuwa Mutunga. Mwaka mmoja wa njaa Mejumaa alikwenda mwenyewe Taveta, akanunua mahindi, akayashona magunia kwa uzi mwekundu na kuyapakia kwenye lori la Tsofa, dereva aliyekuwa akimbebea mizigo. Kufika Mariakani, Mutunga akawasimamisha. Kibali kilikuwepo, lakini alikitazama mbele na nyuma akasema muda wake umepita. Magunia yakashushwa. Siku chache baadaye Mejumaa alikwenda Shimanzi kutafuta magunia matupu, na ndani ya godauni ya Muhdhar, tajiri wa Mji wa Kale, akayaona magunia yake yamepangwa ukutani, uzi wake mwekundu midomoni.

Akaondoka zake. Angemshitakia nani? Aliyekamata ndiye aliyekuwa akipelekewa malalamiko.

Sasa mtu huyohuyo alikuwa amechutama mbele yake, suruali kaivuta kidogo magotini isichafuke, akizungumza kwa upole.

"Mambo yamebadilika, mama. Serikali imejitoa katika biashara. Kazi yetu siku hizi ni kusikiliza."

"Kumsikiliza nani?"

"Hilo ndilo lililonileta. Soko zima haliwezi kuingia ofisini. Tunataka wauza nafaka wawe na chama, na chama kiwe na mwenyekiti. Wenzako nikiwauliza wanamwamini nani, wote wanakutaja wewe."

Mejumaa alivuta uzi mpaka ukakaza. "Umewauliza lini? Mbona wao hawakuniambia?"

Mutunga alicheka kidogo, kama mtu aliyeshikwa kwa jambo dogo lisilo na uzito. "Njoo kesho alasiri nyumbani kwa Mzee Muhdhar, tuzungumze vizuri. Mlete mwenzako ukitaka."

Alipoondoka, Jael alisogea. Jael alikuwa mjane wa mfanyakazi wa reli, mzaliwa wa bara aliyehamia pwani na mumewe na kubaki, akikaa Buxton na kuuza maharagwe ubavuni mwa Mejumaa. Walikuwa wameuguzana, wamezikiana, na kila mmoja alijua bei ya mwenzake ya kununulia, jambo ambalo sokoni humwambii mtu ila ndugu.

"Serikali imejitoa katika biashara," Mejumaa akasema, "kisha yatualika nyumbani kwa mfanyabiashara."

"Twende tu, dada. Kusikiliza si kukubali."

Nyumba ya Muhdhar ilikuwa nyuma ya Ndia Kuu, ghorofa mbili, ngazi zake zimesuguliwa na nyayo mpaka zimeingia ndani katikati. Walipofika juu walikuta viatu vya Mutunga tayari viko mlangoni, kando ya makubadhi ya mwenye nyumba. Muhdhar aliinuka kuwapokea, mzee mnene mwenye sauti ya taratibu.

"Karibuni, karibuni. Nyumba ni yenu. Bi Mejumaa, keti huku penye upepo."

Palikuwa na halwa na kahawa. Mejumaa alikaa ukingoni mwa mto na kutazama. Aliona Mutunga akijimiminia kahawa bila kukaribishwa. Mabirika yalikuwa mawili, nalo lenye tangawizi alilijua bila kuuliza. Huyu hakuanza kuja hapa jana, akajiambia.

"Sikiza, mwanangu," Muhdhar akaanza. "Shirika lina magodauni makubwa kule Shimanzi. Mahindi hayamo tena, mna panya tu. Serikali yataka kuyakodisha. Lakini ikimpa tajiri mmoja, watu watasema. Ikikipa chama cha wanyonge, nani atasema?"

"Chama kipi, Ami?"

"Chama chako."

Mutunga akafungua mkoba wake. Chama kilikuwa na jina tayari, Umoja wa Wauza Nafaka, na muhuri wa mpira ulioandikwa jina hilo, na katiba iliyopigwa chapa. Kilichokosekana ni mwenyekiti tu. Jael alimtazama Mejumaa kwa pembe ya jicho.

"Na wewe, Ami, utakuwa nani katika chama changu?"

"Mimi mlezi tu. Mlezi hana kura."

"Lakini mtoto humfuata mlezi," Mejumaa akasema.

Wanaume wale walicheka sana, zaidi ya jambo lenyewe. Mejumaa aliomba muda wa kufikiri, akaomba pia achukue ile katiba akaisome nyumbani. Hakuna aliyekataa.

Njiani, walipopata nafasi ya kupumua, Jael akasema, "Wanataka jina lako wakalitundike mlangoni. Ndani ataingia Muhdhar."

"Najua. Lakini hebu tazama hapa. Wameandika kila mwuza nafaka aweza kuwa mwanachama, na kila mwanachama ana kura moja. Wameandika hivyo ili ipendeze machoni pa wakubwa. Hawakufikiri kama tutakuja."

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo tutakuja."

Mejumaa akakubali, siku ya mkutano wa kuanzisha chama ikawekwa katika ukumbi wa Buxton, na wiki zilizofuata hakuuza sana. Alizunguka Marikiti, akavuka kwenda Kongowea, akapanda feri kwenda Likoni, akiwaambia wanawake waje Buxton siku ya mkutano na wasimwambie mtu. Wengi walimtilia shaka. Walimwuliza amelipwa na nani. Mmoja alimwuliza waziwazi kama Mutunga ameshamwoa. Mejumaa hakukasirika, maana na yeye angeuliza hivyohivyo.

Siku ya mkutano, makarani na madereva wa Muhdhar walifika mapema, wakakaa viti vya mbele. Kisha wanawake wakaanza kuingia, kwa makundi madogo, kama waendao arusini, mpaka viti vikaisha, wakakaa sakafuni, wakasimama kutani, wengine wakasikilizia madirishani. Mutunga aligeuka mara moja kutazama nyuma. Ilipofika kura ya nani ataendesha godauni, karani wa Muhdhar aliyeletwa kupendekezwa hakupata kura hata za nusu ya waliokaa naye safu moja. Wanawake wakachagua kamati yao, Jael akawa mweka hazina, Mejumaa mwenyekiti. Na wakakata shauri kwamba godauni itaendeshwa na wanachama wenyewe.

Mejumaa alitazamia hasira. Aliyekuwa wa kwanza kupiga makofi alikuwa Muhdhar. Wa pili Mutunga.

Makofi yale yalimkosesha usingizi kuliko matusi. Mutunga alimfuata nje ya ukumbi, akamshika mkono kwa mikono miwili. "Umefanya vizuri, mama. Chama cha bandia kingevunjwa na bwana mkubwa yeyote atakayekuja. Cha kweli kitadumu." Maneno yalikuwa matamu, na Mejumaa aliyatafutia mwiba usiku kucha asiuone.

Basi godauni ikafunguliwa, na hakuna haja ya kusema uongo, ilikuwa neema. Zamani mwanamke alilazimika kuuza mahindi yake upesi kabla dumuzi hawajayageuza unga. Sasa aliweza kuyahifadhi pakavu akangoja bei ipande. Muhdhar aliwakodisha malori yake, na bei yake ilikuwa ya haki. Hakuna gunia la mwanachama lililoshikwa tena Mariakani. Wanawake waliokuwa wakimwuliza Mejumaa amelipwa na nani wakaanza kumwita Bi Mkubwa.

Shirika nalo lilipunguza watu. Wengi walirudi makwao na masanduku yao, lakini Mutunga hakupunguzwa. Alihamia ofisi mpya ya usimamizi wa nafaka, ambayo ilikuwa mlango uleule, kibao kipya. Na kila ofisi hiyo ilipotaka kutoa kanuni, ilimwita Mejumaa kwanza. Alikaa mezani na mabwana wenye tai, mbele yake glasi ya maji na jina lake kwenye kikaratasi kilichosimamishwa. Mwanzoni alikuwa akisema, "Wanawake wa Marikiti wanalia." Baada ya muda akawa anasema, "Wadau wana maoni." Alijisikia akisema hivyo, akajua neno lile halikutoka kinywani mwa mamake. Lakini aliona pia kwamba akilisema, mabwana waliandika.

Ukaja mwaka wa tisini na saba, na ukame ukakausha mashamba. Mahindi yakawa adimu, na watu wasioijua kazi wakaanza kuyaleta kutoka kila upande, mengine yameoza. Mutunga alikuja kwenye kamati na pendekezo.

"Watu wameumwa matumbo," akasema. "Chama lazima kilinde jina lake. Kila anayehifadhi na kuuza awe na kadi ya uanachama. Asiye na kadi, godauni asiingie."

Lilikuwa jambo la akili. Na ukweli ni kwamba wanachama wenyewe walikuwa wakinung'unika juu ya wageni waliokuja kuvunja bei. Mejumaa alifikiri, akalipima, akaona halina ubaya. Jael peke yake ndiye aliyekataa.

"Kwani sisi tulikuwa na kadi tulipoanza?"

"Hii si kama zamani, Jael. Hii ni yetu wenyewe."

"Sawa," Jael akasema, na mkutano uliofuata hakuja. Uliofuata tena, alirudisha ufunguo wa sanduku la chama kwa mkono wa mtu mwingine.

Muhdhar akajitolea kuchapisha kadi. Zilikuja nzuri, rangi ya kijani, na chini pameandikwa jina la Mejumaa.

Mwezi wa kumi mvua ilirudi, na ilirudi kwa hasira. Alasiri moja, wingu limeshuka mpaka juu ya makontena, Mejumaa alifika Shimanzi akakuta lori la Tsofa limesimama nje ya lango la godauni, na bawabu amejipachika katikati. Kando ya lori alikuwa mama mmoja wa Kwale, jina lake Mirriam, ameweka mikono kichwani. Alikuwa amevuna kwenye shamba lake la bondeni, karibu na mto, akakusanya na ya majirani, akavuka feri, na turubai la lori lilikuwa limechanika.

"Shangazi," Mirriam akamwambia Mejumaa, "wewe ndiwe mkubwa hapa. Nataka kuyaweka mpaka mvua ipite tu. Kesho nayaondoa."

"Una kadi?"

"Kadi gani?"

"Ya chama."

"Mimi sijui chama. Najua mahindi."

Mejumaa alitazama juu, akamtazama bawabu, akaona wanachama wawili watatu wamesimama ndani ya lango wakingoja kusikia atasema nini. "Kanuni ni kanuni, mama," akasema. "Nenda ofisini kesho, ujiandikishe."

Tsofa alishuka kwenye lori polepole. Hakuwa mtu wa maneno. "Mwenyekiti," akasema, na hakuwahi kumwita hivyo, "sauti hii nimewahi kuulizwa nayo. Ilikuwa Mariakani."

Kisha mvua ikateremka. Walipojaribu kufunika, maji yalishaingia. Mirriam hakulia wala hakumlaani mtu. Alipanda kwenye lori, akakaa mbele kando ya Tsofa, akatazama mbele, na lori likageuka kurudi mjini huku maji meupe yenye vumbi la mahindi yakichuruzika nyuma yake barabarani.

Habari hazikungoja. Asubuhi yake Mejumaa alipofika Marikiti, Jael alikuwa akipepeta maharagwe, na aliendelea kupepeta.

"Zamani ilikuwa kibali cha Mutunga," akasema bila kuinua macho. "Sasa ni kadi ya Mejumaa. Angalau zamani Mutunga alitoka jasho kutuzuia mwenyewe."

Mejumaa aligeuka palepale. Alikwenda moja kwa moja akaitisha kamati, na baada ya kamati akaitisha mkutano wa wanachama wote, palepale Buxton. Alisimama akasema alilolitenda langoni, hakulipamba. Akawaomba wafute kadi.

Kisha mwanamke mmoja wa Kongowea, ambaye miaka ile ya Shirika alikuwa akificha mahindi uvunguni mwa kitanda, akasimama. "Bi Mkubwa, tunakuheshimu. Lakini leo tukifungua lango kwa kila mtu, kesho bei yangu nitaipata wapi? Mimi nina watoto." Wengine wakaitikia. Mwingine akasema huyo wa Kwale angeuza kwa bei ya kutupa, awaharibie soko. Mikono ilipoinuliwa, Mejumaa alihesabu kwa macho, akaacha kabla hajamaliza. Kadi ikabaki.

Mutunga alikuwa amekaa pembeni muda wote, mikono juu ya magoti.

Mejumaa alimngoja mlangoni. "Ulijua watakataa."

"Sikujua, mama."

"Mutunga, nimekujua miaka mingi. Sema kweli."

Aliangalia mvua nje, akafikiri. Alikuwa amezeeka, na kola ya shati lake ilikuwa imeanza kulika. "Kweli ni hii. Ningekuwa na gunia mle ndani, na mimi ningekataa. Zamani mlinichukia kwa sababu mlikuwa nje."

Mejumaa alimtazama usoni kwa muda. Alitaka kuona kama yale yalikuwa maneno ya mtu aliyefungua moyo au ya mtu aliyeshinda mchezo aliouanza siku ile ya halwa na kahawa. Hakuona. Aliyafikiria tena makofi ya Muhdhar, akaanza kuhisi kwamba labda hapakuwa na mchezo wowote. Labda wale watu wawili walijua kitu kimoja tu, kwamba ukimpa mtu mlango, mwenyewe ataufunga. Na hilo lilimtisha zaidi.

Hakujiuzulu. Alifikiria kujiuzulu, akaona atakayeshika nafasi yake ni yule wa Kongowea. Ila kila mwanachama alikuwa na sehemu yake ndani ya godauni ya kuweka magunia, basi yake aliiacha wazi kwa wale waliofika bila kadi. Alimtuma Tsofa Kwale amwambie Mirriam alete mazao mengine akipata. Mirriam alirudisha salamu, mahindi hakuleta. Walikuja wengine, wachache. Haukupita muda, kanuni mpya ikatoka ofisini, imeandikwa kwa heshima, kwamba sehemu ya mwanachama haiachiwi mtu mwingine ila kwa idhini. Idhini ilitolewa na mwenyekiti na afisa kwa pamoja. Ili kurahisisha kazi, Mutunga akawekewa meza ndani ya godauni. Mejumaa akawa anagonga muhuri upande huu na Mutunga anatia sahihi upande ule, na walioomba wote walipewa. Hakuna aliyenyimwa. Lakini wote waliomba.

Mvua zilipokatika, alikwenda Marikiti kumwona Jael. Alimkuta akipanga magunia mapya ya maharagwe, akamsaidia kuinua moja, kila mmoja akashika masikio ya gunia upande wake kama walivyokuwa wakifanya siku zote.

"Rudi kwenye chama," Mejumaa akasema. "Ukiwapo, nitakuwa na mtu wa kunikemea."

"Nakukemea nikiwa hapa, na bado sijamaliza."

"Huku nje utaumia, Jael. Yatakuja mengine. Watauliza nani anauza bila kadi."

"Na wakikuuliza wewe?"

"Nitasema simjui."

Jael alijifuta mikono kwa leso. "Basi wewe kaa ndani, dada, mimi nikae nje. Tukiwa sote ndani, nani atatuambia tunafanana na nani?"

Walicheka, na kicheko kilikuwa kama cha zamani, au karibu yake. Wakazungumza habari za wajukuu, na za bomba lililopasuka Buxton, na za goti la Jael. Kisha Mejumaa akayatia mkono yale maharagwe, akayaacha yapite vidoleni. Yalikuwa mazuri, makavu, ya rangi ambayo hakuwa ameiona sokoni msimu ule.

"Umeyanunua kwa bei gani?"

Jael akamtajia bei. Mejumaa alingoja, kwani siku zote bei ilifuatwa na mahali, na mahali palifuatwa na jina la aliyeuza.

Jael aliinama, akaanza kupepeta.

Mejumaa alikaa kidogo, akamtakia kheri ya biashara, akainuka kwenda Shimanzi ambako Mutunga alikuwa akimngoja na muhuri.